Minyanya Ilipoungua Bondeni

Nyanya zikiletwa jikoni na vikonyo vyake vya kijani, mimi hutoka nje kwanza. Wasichana wanaonisaidia kwenye mgahawa wangu hapa Mikumi wamekwisha kunizoea. Wanajua tenga likiwa limechumwa asubuhi ile ile nitasimama mlangoni kutazama malori yanavyopita, hadi wamalize kung'oa vikonyo na kuziosha. Wanadhani nina mzio. Nimewaacha wadhani hivyo, maana ni rahisi kuliko kueleza kwamba harufu ya jani la mnyanya, ile kali inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni, hunirudisha kwenye chumba kimoja chenye dirisha dogo nyumbani kwetu Msowero. Naketi tena juu ya mkeka, magoti kidevuni, nasikiliza watu wakimhukumu mwanamke kwa kosa ambalo nilijua ni langu.

Walio rika langu na waliokulia pande zetu watanielewa nikisema bonde. Wengine walilima mahindi wakasubiri mvua. Sisi tulikuwa na mfereji, na baba alikuwa mkulima wa nyanya anayejulikana hadi Kilosa mjini. Ila bonde lenyewe halikuwa lake. Kwetu ardhi hufuata upande wa kike, na ile ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Baba alikuwa mkwe anayelima kwa wakwe zake, na nadhani haikupita siku asilikumbuke hilo. Alipanda minyanya mingi kupita kiasi, ikabanana hata ukipita katikati nguo inalowa umande mpaka kiunoni. Mtu akimwambia aiachie nafasi, anacheka. "Ardhi nimepewa nilime au nitandike mkeka?" Alikuwa mcheshi baba yangu, mradi usimguse hapo.

Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na kipande kidogo cha Bi Zena, rafiki wa mama. Baba yake aliletwa huku na kazi ya mkonge kutoka mikoa ya mbali. Mashamba ya mkonge yakafa, mzee naye akafa, Zena akabaki bila mume, bila mtoto, bila ukoo wa kumsemea. Bibi ndiye aliyempa kile kipande, kwa mdomo tu, kama watu wanavyopeana. Zena alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi. Minyanya yake aliipanda mbalimbali, kila mmoja akaufunga kwenye kijiti chake, akaupunguza majani ya chini, na maji aliyatia shinani kwa kopo, taratibu, wakati sisi tunamwaga kwa juu kama tunaoga.

"Zena, hiyo ni bustani au makaburi?" baba alimtania.

"Yangu inapumua, shemeji," alijibu bila kuinua kichwa. "Ya kwako imepanda gari la mnada."

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kukata vichipukizi vinavyoota kwapani mwa minyanya ili nguvu iende kwenye matunda. Asubuhi moja, nikiwa kwenye tuta la pili, nikahisi maumivu chini ya kitovu, kisha nikaona damu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kitu. Najua leo utashangaa, mtoto mkubwa vile, lakini kwetu mambo hayo yana wakati wake na mtu wake wa kuyasema, na wakati wangu ulikuwa haujafika. Nilichokijua mimi ni kwamba jana yake nilishika kizibo cha chupa ya dawa ya kupulizia, ile ambayo baba alitukataza kila siku: hii ni sumu, ukiigusa imekumaliza. Basi nikaelewa kwamba nimekunywa sumu kwa vidole na sasa nakufa. Nikakaza khanga kiunoni, nikaendelea na kazi mpaka matuta manne yakaisha. Ndivyo nilivyokuwa, mtoto wa kufa akiwa amemaliza kazi aliyotumwa. Kitambaa nilichojisetiri nacho nikakichomeka chini ya godoro, na sikumwambia mtu.

Sikufa. Baada ya siku chache damu ikakoma, na mimi nikamshukuru Mungu kimyakimya nikijua nimeponea chupuchupu. Wiki iliyofuata mvua za vuli zikaja kabla ya wakati wake, na kila asubuhi wingu lilishuka kutoka milimani likakaa juu ya bonde hadi saa nne. Siku ya tatu au ya nne ya hali ile baba alirudi ameshika tawi. Majani yalikuwa na madoa meusi, kingo zimejikunja, kama mtu ameyamwagia maji ya moto. Nikamuuliza limetoka wapi. "Pale chini, matuta ulikokuwa wewe." Kufikia Ijumaa lilikuwa bonde zima. Matunda yalishika mabaka ya kahawia, yakalainika, ukiyagusa yanadondoka na kupasuka. Harufu ya uozo ilifika mpaka uani.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, kijana bado, shikamoo kwa kila mtu, akachuma jani na kuligeuza. Akasema ni bakajani. Inaletwa na unyevu na baridi, na minyanya ikibanana hivi haina jinsi ya kukauka. Akanyoosha kidole ng'ambo ya mfereji. "Mnaona ya yule mama? Ina hewa." Baba aliitikia, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki kwa heshima zote, na hakumsikia hata neno moja. Yeye aliuita ukungu, na dawa ya ukungu ni kupulizia. Bibi hakuuita bakajani wala ukungu. Aliketi kizingitini akatazama bonde muda mrefu, kisha akasema, "Hapa pamekanyagwa na mkosi." Ugonjwa mmoja, majina matatu, na kila jina lilitaka tiba yake. Jina la bibi ndilo lililokaa kichwani mwangu, kwa sababu bibi alikuwa ameishi siku nyingi kuliko wote.

Siku ile ile mama alitandua godoro langu. Nilimwona amesimama na kile kitambaa mkononi, uso wake sikuweza kuusoma. Akamwita bibi, wakanong'ona, kisha bibi akapiga kigelegele kimoja kikali, akanishika mkono, akaniingiza chumba cha nyuma na kufunga mlango. Dirisha likazibwa kwa khanga. Nikaambiwa nikae, nisitoke, nisipaze sauti, mwanamume asinione wala asinisikie mpaka siku nitakapotolewa.

Mimi huku ndani nilisikia baba akija na wenzake kuchukua majembe. "Ng'oa yote yenye ugonjwa," alikuwa akisema, "peleka mbali, itenge." Basi nikajumlisha mawili na mawili kwa akili yangu. Mmea mgonjwa unatengwa, na mimi nimetengwa. Kile kigelegele sikukielewa hata kidogo. Nilidhani ni namna ya kufukuza ugonjwa, kama tunavyopiga madebe ndege wakiingia shambani.

Siku ya tatu bibi akaanza kunifunda. Kwanza nikajua kwamba siumwi, kwamba nimevunja ungo, na hilo lilikuwa jambo la kufurahia. Kwa kama dakika tano nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Msowero. Kisha akafika kwenye miiko. "Ukiwa katika siku zako usiingie kwenye bustani ya maboga, wala matango, wala nyanya. Hasa nyanya. Ukipita tu inaungua." Alisema hivyo kama anavyosema usiweke chumvi mara mbili, akaendelea na mwiko mwingine. Sikusikia kilichofuata. Nilikuwa nahesabu matuta yangu manne.

Ndipo nikaelewa kwa nini kuna siku mama alikuwa haendi bondeni, akisema tu hajisikii. Nikaelewa pia nimefanya nini. Mashuka ya madoa meusi yaliyofunika bonde la bibi yalikuwa yametoka mwilini mwangu, nami nimeyatembeza tuta baada ya tuta nikiwa nimeinama vizuri, nikikata vichipukizi.

Mwali hupewa somo, mwanamke wa kumfunda na kumtunza, na ambaye atakuwa mama yake wa pili mpaka mmoja wao afe. Somo wangu alikuwa Bi Zena. Mama alimchagua tangu nikiwa mdogo. Alikuja kila alasiri na kichupa cha mafuta ya nyonyo na unga wa mtama wa kunisugulia, akaingia na kelele zake zote akizishusha kuwa mnong'ono.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Hebu nikuone. Mwali gani huyu, anazidi kukonda! Watu watasema tunakufunda kwa njaa."

Mikono yake ilinuka majani ya mnyanya. Mabichi, mazima. Alinisugua mgongo akinieleza habari za dunia, nani amegombana na nani kisimani, mbuzi wa nani amekula daftari la nani, na mimi nilikuwa nalia kwa ndani nisiweze kucheka. Chumba kile kilinibana. Joto la bati mchana, giza la ile khanga dirishani, na mkeka uliochora mistari mapajani mwangu. Lakini kilichonibana zaidi kilikuwa kwamba kila aliyeingia alinipenda, na hakuna aliyejua ni nani wanayemlisha uji wa maziwa.

Siku moja nilishindwa. Alikuwa ananisuka, kichwa changu kiko mapajani mwake, nikamwambia yote: damu, kizibo cha dawa, matuta manne. Vidole vyake vikasimama.

"Siku gani hiyo?"

"Ile siku baba alipokwenda Kilosa kufuata matenga."

Alitazama ile khanga dirishani. Bi Zena, mtu asiyenyamaza hata akitafuna. Kisha vidole vikaendelea, akamaliza ule msuko mpaka mwisho.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi asijue mtu. Umenisikia? Hata mama yako. Neno la mwali kwa somo wake linaishia hapa." Akajigusa kifuani.

Nilitaka aseme, acha ujinga, nyanya haziungui kwa sababu hiyo. Hakusema. Nikajua basi ni kweli. Miaka mingi baadaye, nikiwa na binti wangu mwenyewe, ndipo nilipofahamu alichokuwa anakiogopa. Bonde linarudi, ukipanda tena linarudi. Jina la mwali mwenye mkosi halirudi. Lingenifuata kisimani, shuleni, kwa mume, kwa kila kuku atakayekufa katika nyumba nitakayokaa.

Wanaume walianza kumtaja Bi Zena. Niliwasikia barazani, upande wa pili wa ukuta. Mwanzo kwa mzaha, kwamba minyanya ya Zena ina mume wake wa kuilinda. Baadaye mzaha ukaisha. Mbona ugonjwa umevuka mashamba yote, ukafika kwenye mfereji wake ukageuka? Mbona anaingia kwa mwali kila siku, anatoka na nini? Kila jioni baba alirudi kutoka bondeni amebeba lile bomba la kupulizia mgongoni, halimsaidii, na kila jioni alikuwa na maneno machache zaidi. Namhurumia sasa. Ilikuwa ama Zena ana uchawi, ama yeye hajui kulima ardhi ya wakwe zake. Alichagua lililokuwa jepesi kubeba.

Wakamwita alasiri moja, jua bado kali, saa ile ile ambayo angekuwa anakuja kwangu. Bibi, mwenye ardhi, hakukaa barazani na wanaume. Alikaa kwenye mlango wa chumba changu, nusu ndani nusu nje, mgongo wake umenielekea, umeziba mlango wote. Juu ya bega lake niliona kipande cha baraza na miguu ya Bi Zena, yenye tope la mfereji.

"Zena," baba alisema, "bonde zima limeungua. La kwako halina hata jani lenye doa. Tueleze."

"Bwana shamba si alieleza, shemeji?"

"Yule mtoto. Nakuuliza wewe."

Jirani mmoja akadakia, "Na humo kwa mwali unachukua nini kila siku?"

Nikasimama. Neno lilikuwa fupi tu, ni mimi, ningelisema wakalisikia wote. Lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Bibi hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma, akapapasa sakafu, akanishika kifundo cha mguu, akakaza.

"Mwali yule ni mwanangu," Bi Zena alisema. "Ningemchukulia nini? Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Sema basi ni nini kilichoingia bondeni!"

Bi Zena aliinua uso, akatazama moja kwa moja mlangoni, nadhani aliniona. Angeweza kunitaja, na angebaki na shamba lake.

"Sijui, shemeji."

Ndipo bibi aliposema, pole pole, bila hasira, mkono wake bado umenibana mguu: "Zena, kile kipande changu nakiomba."

"Haya, mama. Nimesikia."

Nilipoachiwa nilikuwa na alama za vidole vinne. Kwa muda nilijidanganya kwamba bibi alikuwa anazuia mwali asitokeze mbele ya wanaume, basi. Lakini jioni nilimsikia mama akilia jikoni. "Siku ile alikuwa bondeni, mama. Mimi ndiye niliyemtuma." Na bibi akajibu, "Nyamaza. Una mtoto mmoja wa kike." Kumbe walikuwa wamehesabu siku kama nilivyohesabu mimi. Wanawake wote wa nyumba ile tulijua, tuliamini kitu kimoja, na tulimwacha aende. Kesho yake Bi Zena alifunga mizigo akaenda Ruhembe, kupalilia miwa ya watu.

Najua sasa kwamba bwana shamba alikuwa sahihi. Nimelima, nimeuliza, nimeona nyanya zikiungua kwenye mashamba wanayoingia wanaume peke yao. Sikuua bonde. Lakini hilo halinisaidii kama mtu angefikiri, maana siku ile sikujua. Siku ile niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ni mimi, nikanyamaza. Niliwahi kupanda gari kwenda Ruhembe kumwambia. Nikamwona kwa dirisha la gari, kando ya barabara, kati ya wanawake wenye majembe, amezeeka, anawachekesha wenzake. Sikushuka. Nililipa nauli ya kurudi nikiwa bado nimekaa kwenye kiti kile kile. Mwaka uliofuata nikaletewa habari ya msiba wake.

Mwaka ule wa bonde nilitolewa nje wiki moja kabla ya matokeo ya mtihani. Kwetu mwali akitolewa huulizwa mbele ya wanawake wote somo wake ni nani, naye humtaja kwa sauti, mara yake ya kwanza kusikika tangu aingie ndani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alinifundisha jina la kutaja, la mdogo wake, mama mdogo Hadija, aliyenifunda siku za mwisho. "Ukiulizwa, mtaje huyo. Usiwaze." Nikasema ndiyo.

Wakanitoa asubuhi nimefunikwa khanga mpya, ngoma inapigwa, jua likanichoma macho hata nikaona weupe mtupu. Wakanikalisha kwenye kinu kilicholazwa. Macho yalipozoea nikaanza kuona nyuso, mama, majirani, wasichana wa shule. Na nyuma yao, kando ya ua wa miti, Bi Zena. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesafiri kutoka Ruhembe, akalala kwa mtu anayefahamiana naye pale Magomeni, Kilosa mjini, akaja na gari la alfajiri, na alikuwa amekumbatia doti ya khanga ambayo bado iko kwenye karatasi ya dukani. Wanawake hawafukuzi mtu kwenye ngoma ya mwali. Walimpa mgongo tu.

Ngoma ikasimama. Bibi akaniinua kidevu.

"Mwali, somo wako nani?"

Nilimtazama Bi Zena. Naye alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kunikataza.

"Mama mdogo Hadija," nikasema.

Wanawake wakapasua hewa kwa vigelegele, na Bi Zena, pale uani, akaweka mkono mdomoni akapiga cha kwake pamoja nao, kirefu, mpaka pumzi ikamwishia.